Sebule ndogo, watu sita, televisheni moja

Dada Mshauri, salaam nyingi.

Nakuandikia usiku, wote wamelala, nami nimekaa sakafuni sebuleni nikiangalia rundo la waya chini ya meza ya televisheni. Limenishinda.

Tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 15, wa kati 9, kitinda mimba ndiyo kwanza ametimiza 2. Sebule yetu ina urefu wa mita 4 na nusu na upana wa mita 3, na ndiyo chumba cha kila kitu. Kochi limeegemea ukuta mmoja mrefu, televisheni ya inchi 43 iko ukuta unaolitazama, juu ya meza nyembamba. Dirisha liko ukuta mfupi, na chini yake pana kiti cha mama. Upande wa pili wa chumba kuna meza ambapo watoto hufanyia kazi za shule.

Wiki iliyopita mdogo alivuta waya uliokuwa ukining'inia. Televisheni ikainama mbele. Bahati mama alikuwa anapita, akaizuia kwa kiganja. Mkono wake ulitetemeka hadi wakati wa kula. Tangu siku hiyo mume wangu ameshikilia kwamba tununue ya inchi 65 na tuitundike juu kabisa, karibu na dari, mtoto asiifikie. Mimi naona itameza chumba kizima. Tumeshabishana mara tatu.

Mkubwa anataka gemu kila jioni, na baba yake anataka mpira saa hiyohiyo. Wa kati anafanya hesabu shingo ikiwa imegeukia televisheni. Mama yeye hupenda taarifa ya habari ya usiku, lakini kiti chake kiko pembeni na shingo yake haigeuki vizuri. Zamani tulikuwa tunamgeuzia kiti na kukisogeza katikati. Siku hizi anakataa, anasema, "Acheni, nasikia tu, inatosha." Maneno hayo yananiuma kuliko rundo lote hili la waya.

Vitu vyenyewe ni hivi: rimoti tano, pedi mbili za gemu, king'amuzi, mashine ya gemu, spika ndefu, ruta, na chaja ambazo hakuna anayejua ni za nini. Juzi nilichomoa waya nikidhani ni wa simu yangu, kumbe ni wa mashine ya gemu. Kijana alikuwa amecheza saa mbili bila kuhifadhi. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nimeona pia kwenye simu televisheni zinazoviringishwa kama mkeka zikajificha ndani ya boksi. Je, hizo ndizo jibu letu? Tununue nini kwanza? Hatuna uwezo wa kununua mara mbili.

Mama Watatu

———

Dada yangu Mama Watatu,

Pole sana, na umfikishie mama pole yangu kwa mkono ule. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya mambo ya kununua kuna kazi ya leo, isiyosubiri kesho. Sogeza televisheni mpaka nyuma kabisa ya meza. Geuza mgongo wake uone: nyuma yake mna matundu manne ya skrubu. Pitisha hapo mkanda imara, ile ya kuzuia televisheni isianguke inauzwa, kisha ufungwe kwenye ukuta kwa skrubu. Waya zote zipitie nyuma ya meza, usibaki hata mmoja unaoning'inia mbele. Halafu ondoa juu ya meza kila kitu anachokipenda mdogo: rimoti, pedi, mwanasesere. Mtoto wa miaka 2 hapandi meza kwa utundu tu, anafuata kitu alichokiona juu. Hata meza yenyewe, kama ni nyepesi, ifungwe ukutani.

Sasa tuzungumze.

Umeniuliza mnunue nini kwanza. Mimi nasema msinunue chochote mpaka mmejua nani anakaa wapi na saa ngapi. Katika barua yako yote, kitu kilichonisimamisha ni kiti cha mama. Watu sita mnakizunguka kioo kimoja cha televisheni kisichosogea, na yule asiyeweza kugeuka ndiye aliyekubali kukosa. Sebule yenu inahitaji kioo kinachowafuata watu, na tukilipata hilo, mengi uliyoandika yatajipanga.

Shemeji hajakosea sana kuhusu ukubwa. Kochi likiwa ukutani, macho ya aliyekaa yanakuwa kama mita 2 na sentimita 40 kutoka kwenye kioo. Kanuni inayotumika sana ya kupata umbali wa kukaa ni kuzidisha mshazari wa kioo, yaani kutoka kona hadi kona, kwa 1.6. Tuanze na iliyo ndogo kuliko anayoitaka: inchi 55 ni sentimita 140 za mshazari, kwa hiyo umbali wake ni kama mita 2 na sentimita 24. Inchi 65 ni sentimita 165, umbali wake mita 2 na sentimita 64. Chumba chenu kiko katikati ya hizo mbili. Anayependa filamu atakaa mbele ya ile ya 65 bila shida yoyote ya macho.

Alipokosea ni kwenye dari. Kioo kilichotundikwa juu kinamlazimisha kila mtu kuinua kidevu kwa saa mbili za mpira, na shingo ya mama haitaki hata kugeuka, sembuse kuinuka. Mtu aliyekaa kwenye kochi la kawaida macho yake huwa kati ya sentimita 100 na 110 kutoka sakafuni. Katikati ya kioo pawe hapohapo. Televisheni ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 hivi, kwa hiyo ukingo wake wa chini utakuwa kati ya sentimita 66 na 76 kutoka sakafuni. Najua shemeji atasema mtoto ataigusa. Ataigusa, ndiyo. Lakini iliyofungwa barabara ukutani, bila waya wa kuvutwa, haimwangukii. Kinachomlinda mtoto ni skrubu.

Sasa kifaa ninachokitaka muulizie ni breketi, kile chuma cha kushikilia televisheni ukutani, yenye mkono wa kukunjika. Ziko breketi za aina tatu: isiyosogea kabisa, inayoinamisha kioo chini na juu, na hii yenye mkono, ambayo unakivuta kioo kutoka ukutani, unakigeuza kulia au kushoto, ukimaliza unakirudisha kikalala bapa. Usiku wakati wa habari mnakivuta na kukielekeza kwa mama. Kiti chake hakisogei hata inchi moja. Mpira ukianza kinarudi kutazama kochi.

Na hapa ndipo ninapochagua inchi 55 dhidi ya 65, kwa sababu watu wengi hawalijui hili mpaka fundi ameshaondoka. Kioo cha inchi 65 kina upana wa sentimita 144. Ukitaka kukigeuza nusu ya njia, nyuzi 45, ukingo mmoja unarudi nyuma kuelekea ukutani, kwa hiyo mkono lazima ukitoe nje angalau sentimita 51 ili kisigonge. Ukitaka kukigeuza kabisa kitazame ukuta mfupi, unahitaji sentimita 72, na mikono mingi haifiki huko. Inchi 55 ina upana wa sentimita 122: kwa nyuzi 45 inahitaji 43, kwa kugeuka kabisa inahitaji 61. Muulize muuzaji swali moja tu, mkono ukinyooshwa wote unatoka sentimita ngapi ukutani, na usiondoke bila jibu.

Kipo kipimo kingine cha kuangalia, nacho huitwa VESA. Ni umbali kati ya yale matundu manne ya nyuma, kwa milimita: 200 kwa 200, 300 kwa 300, 400 kwa 400. Kipimo cha televisheni na cha breketi vilingane, na breketi iwe imeandikwa uzito unaozidi wa televisheni yenu kwa mbali. Televisheni ya inchi 55 ikiwa ukutani bapa ni mzigo mdogo. Ikivutwa nusu mita kutoka ukutani, uzito uleule unafanya kazi kama nyenzo, unataka kuzing'oa skrubu za juu. Kama ukuta wenu ni wa zege au tofali gumu, fundi atoboe kwa kina kinachoandikwa kwenye maelezo ya breketi na atumie plagi za ukutani za kipimo sahihi. Kama ni wa jipsamu wenye uwazi ndani, mkono wa kukunjika ufungwe kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, kamwe usifungwe kwenye jipsamu tupu. Hapo siwezi kulegeza neno.

Kabla fundi hajaja, fanyeni hivi jioni moja. Chukueni boksi, mlikate liwe na upana wa sentimita 122 na kimo cha 68, mlibandike ukutani kwa tepu ya karatasi. Kila mmoja akae mahali pake. Mama akae kwenye kiti chake, nawe ulishike boksi mkononi, ulisogeze na kuligeuza mpaka aseme, "Hapo." Pima kwa futi kamba kutoka ukutani mpaka hapo. Namba hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani. Angalieni na dirisha pia. Kwa kuwa liko ukuta mfupi, kochi halisumbuliwi na mwanga. Lakini kioo kikigeuzwa kwa mama kinalitazama dirisha, na mchana kitaonyesha pazia na mti wa nje kuliko picha. Usiku si tatizo. Kwa mchana wekeni pazia zito upande huo. Na wakati wa kuchagua televisheni, simameni pembeni yake dukani: vioo vingine vinafifia vikitazamwa kwa pembe, vingine havibadiliki. Zipo zinazotumia kioo cha aina ya IPS na zipo za VA. Za VA zina weusi mzuri kwa aliyekaa mbele, ila hupoteza rangi kwa aliye pembeni. Kwenu watu hukaa pembeni.

Umeuliza za kuviringishwa. Zilikuwepo kweli. LG walionyesha yao ya inchi 65 mwezi Januari 2019, wakaanza kuiuza 2020. Ilikuwa ikipanda kutoka ndani ya boksi refu na kuzama tena. Kuitazama ni raha, lakini ilikuwa ghali kupita kiasi, na hata ingekuwa bure isingemsaidia mama, kwa sababu boksi lile linakaa palepale. Iache. Kitu kilicho karibu na hali yenu ni vioo vya magurudumu. LG haohao walitoa StanbyME mwaka 2021, kioo cha inchi 27 kwenye mguu wenye magurudumu na betri ya kama saa 3. Hata bila chapa hiyo, stendi ya magurudumu ikibeba monita ya kawaida ya inchi 24 au 27 inafanya kazi ileile, ila itataka kuchomekwa kwenye umeme, na mguu wake uwe mpana na mzito ili mdogo asiipindue.

Hiyo ndiyo ningempa kijana. Mchezaji wa gemu hukaa karibu, sentimita 60 au 70 kutoka kwenye kioo, inchi 24 inamtosha kabisa. Au tumieni ile 43 yenu, ikifungwa ukutani kando ya meza ya masomo, akae nayo umbali wa mita moja na robo hivi. Avae hedifoni, na saa zake zipangwe ili zisigongane na hesabu za mdogo wake. Mpira uendelee upande wa pili. Ugomvi wa jioni kwenu ni wa kioo kimoja kugombewa na watu wawili, na kioo kikubwa zaidi hakiwezi kuugawa. Projekta siipendekezi. Kwa picha ya inchi 80 nyingi zinahitaji umbali wa zaidi ya mita 2, na chumba kiwe na giza, jambo lisilowezekana kwa mtoto anayesoma palepale.

Tuje kwenye rundo lako. Nafasi yake ni kabati la chini, refu, lisilozidi kimo cha sentimita 60, lililofungwa ukutani chini ya televisheni. Vizito viwe chini. Kila kifaa kinachopata joto kiachiwe hewa: mashine ya gemu mara nyingi hutoa joto lake kwa nyuma, iachie angalau sentimita 10, na kabati liwe wazi mgongoni. Nimeona nyumba ambako mashine ilifungiwa kwenye kabati zuri lenye milango mizima, ikawa inajizima kila baada ya nusu saa, na mtoto akasingiziwa kwamba ameiharibu.

Milango inaleta jambo jingine. Rimoti nyingi za ving'amuzi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, nao haupiti kwenye mbao. Ukipenda milango, iwe ya vibanzi vyenye nafasi, au ya kitambaa chepesi, au ya kioo. Ukiwa na shaka kama rimoti ni ya mwanga, fungua kamera ya mbele ya simu yako, ielekeze rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Ukiona kitaa cha zambarau kinamwekamweka kwenye simu, ni ya mwanga. Isipoonyesha kitu, huenda ni ya Bluetooth, na hiyo haijali mlango.

Rimoti tano zinaweza kupungua. Nyuma ya televisheni tafuta tundu la HDMI, lile la waya unaobeba picha na sauti pamoja, lililoandikwa ARC au eARC. Spika ndefu ikiunganishwa hapo, na yenyewe iwe na tundu la aina hiyo, sauti ya kila kitu kinachoonekana kwenye televisheni inarudi kwenye spika kupitia waya huohuo mmoja. Kisha ingia kwenye mipangilio ya televisheni uwashe HDMI-CEC. Kila kampuni huipa jina lake, lakini kazi ni moja: rimoti ya televisheni inaongeza sauti ya spika na mara nyingi inaiwasha mashine ya gemu pia. Zitakazobaki ziwe mbili au tatu. Hizo ziwekewe mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye mkono wa kochi, pale mkono wa mtu unapoangukia akikaa. Droo ya mbali hata ikiwa nzuri vipi hairudishiwi kitu usiku mtu akiwa na usingizi.

Waya zishughulikie Jumamosi moja, na kijana akusaidie, ana sababu yake. Zima kila kitu, chomoa vyote, vitandaze sakafuni. Kila waya ubandikwe karatasi ndogo pande zote mbili: upande wa kifaa na upande wa umeme. Andika "gemu", "ruta", "spika". Chaja ambazo hazina mwenyewe ziwekwe kwenye boksi moja lenye tarehe. Zikipita miezi mitatu hazijatafutwa, zitoke nyumbani. Za umeme zipite upande mmoja wa kabati, za picha na sauti upande mwingine. Zifungwe kwa velkro, maana vile vifungo vya plastiki vya kukaza huzibana waya na lazima uvikate kila ukibadilisha kitu. Waya zinazokwenda kwenye televisheni zipimwe mkono ukiwa umenyooshwa wote na kioo kimegeuka, ziachiwe mzunguko mdogo wa kulegea. Ukizipima kioo kikiwa bapa ukutani, usiku wa kwanza wa habari zitang'oka au zitavunja tundu.

Ekstensheni iwe moja, nzuri, yenye swichi na kinga ya umeme kupanda ghafla, iwe imepandishwa ndani ya kabati mdogo asiifikie. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na pasi au jiko la umeme visiguse hiyo hata siku moja. Kwa chaja za simu tenga soketi nyingine kabisa, mbali na kabati, ili mkono wako usiwe na sababu ya kuingia kwenye waya za gemu tena.

Kuhusu mpangilio wa manunuzi, kwa kuwa hamnunui mara mbili: mkanda wa kufungia, leo. Kisha kabati na ekstensheni. Kisha breketi yenye mkono, mkiifunga kwanza kwa ile 43 mliyonayo, mradi breketi inakubali kipimo chake na cha inchi 55 pia. Muishi hivyo mwezi mmoja au miwili. Televisheni mpya ije mwisho, na hapo ile 43 ihamie kwa kijana. Huenda shemeji akanung'unika kuisubiri, lakini mwonyeshe lile boksi ukutani, akae kwenye kochi alitazame. Kisha akae kwenye kiti cha mama, alitazame kutoka pale.

Na fundi akija, mama awe amekaa. Asitoboe tundu hata moja kabla hajamwuliza yeye.